Uliza mbegu zimeishia hatua gani

Naandika haya kwa wanandoa ambao miaka inapita, mtoto hajaja, na mwanaume ameshaambiwa "huna mbegu", kisha mazungumzo yakaishia hapo. Sisi tulikaa hapo muda mrefu. Tuliuza kiwanja, tukakopa kazini, mke wangu akanywa dawa ambazo hakuzihitaji, kabla ya kujua kwamba shida ilikuwa kwenye protini moja inayosaidia kromosomu za upande wa baba na za upande wa mama zishikane wakati mbegu zinatengenezwa. Dawa ya shida hiyo haipo. Ila kuijua kulikomesha matumizi yasiyo na mwisho, na kulimwondolea mke wangu lawama alizobebeshwa bure.

Tunaishi Morogoro mjini. Mimi ni Mluguru, kwetu Matombo; mke wangu kwao Songea. Tulipooana tulikubaliana kusubiri mwaka mmoja, tukae vizuri kwanza. Mwaka ukapita, wa pili ukaisha, maneno yakaanza. Mimi sikuulizwa kitu na mtu yeyote. Waliomuuliza ni yeye tu. Dada yangu mkubwa akawa anamletea mizizi iliyochemshwa, kwenye chupa za maji ya kunywa, akisema wifi yake ana chango. Jirani akampa namba ya mganga. Alikuwa anazipokea zote kwa heshima, na usiku ananieleza ameambiwa nini siku hiyo.

Hospitali nayo ilianza na yeye. Alipimwa homoni, akapigwa ultrasaundi, akafanyiwa kipimo cha mirija, kile cha kuingizwa dawa huku unapigwa eksirei. Alitoka ameshika tumbo, hawezi kunyooka, na nyumbani hakula mpaka kesho yake. Mirija ilikuwa wazi na mayai yanakuja kwa wakati. Hata hivyo akaandikiwa vidonge vya kupevusha mayai kwa miezi kadhaa. Muda wote huo hakuna aliyesema mume naye apimwe, wakati kipimo cha mbegu hakiumi, hakihitaji maandalizi zaidi ya kukaa bila tendo la ndoa siku mbili hadi saba, na kwetu kiligharimu chini ya shilingi elfu hamsini. Kile cha mirija kilikula zaidi ya mara nne ya hapo. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba takriban mtu mmoja kati ya sita hukumbana na shida ya kupata mtoto katika maisha yake, na shida hiyo haichagui mwanamke. Nendeni wawili siku ya kwanza. Mwanaume apimwe wiki hiyohiyo, kabla mke hajaguswa na kipimo chochote kinachouma.

Kipimo changu kilirudi na neno moja: azospemia. Yaani hakuna mbegu hata moja. Nilirudia baada ya wiki chache, maana kipimo kimoja hakitoshi, na safari hii niliomba sampuli izungushwe kwenye mashine ili mashapo ya chini yaangaliwe. Mbegu chache zikiwepo, huonekana humo. Jibu likawa lilelile.

Nilikataa kuamini kwa sababu mwili wangu ulikuwa unafanya kazi. Nguvu za kiume zipo, shahawa zinatoka kama za mtu yeyote. Baadaye nikaelewa kwamba mbegu ni asilimia chache tu ya ujazo wa shahawa. Sehemu kubwa hutoka kwenye tezi dume na vifuko vya shahawa. Kwa macho huwezi kujua lolote. Na nguvu za kiume ni jambo jingine kabisa na uzazi, ingawa mitaani tunayachanganya mpaka wanaume wengi wanaona aheri wasipimwe.

Hapo ndipo hela ilipoanza kutoka ovyo. Kituo kimoja cha binafsi kilinichoma sindano za testosteroni, wakasema ni za kuongeza mbegu. Nataka hili lisomwe kwa makini: testosteroni ya sindano hufanya ubongo uache kuziamuru korodani zitengeneze mbegu. Mwanaume mwenye mbegu chache anaweza kuzipoteza zote kwa sindano hizo. Kama unatafuta mtoto na mtu anakuandikia testosteroni, ondoka. Muuza dawa za asili mmoja aliniahidi matokeo ndani ya wiki mbili. Mbegu moja huchukua siku 74 hivi kutengenezwa tangu mwanzo hadi mwisho, kisha hupita njia ndefu kabla ya kutoka. Dawa yoyote ya kweli ya mbegu hupimwa baada ya miezi mitatu au zaidi, kwa hiyo anayekuahidi wiki mbili hajui anachokiuza, au anajua na hajali.

Daktari wa njia ya mkojo niliyemwona Dar es Salaam alinipima homoni na kunishika korodani. Homoni ya FSH, ile ambayo ubongo huituma kuzihimiza korodani, ilikuwa kawaida, korodani zina ukubwa wa kawaida. Akasema basi ni mirija imeziba, tuzibue. Tulifurahi sana siku ile. Tulikaa kituo cha SGR tukisubiri treni ya kurudi Morogoro, mke wangu akaanza kutaja majina ya watoto.

Ilitokea kwamba kabla ya tarehe ya upasuaji nilipata nafasi ya kuonana na daktari mwingine, mtaratibu, anayesikiliza hadi mwisho. Alisoma karatasi zote kisha akanieleza jambo ambalo nadhani kila mwanaume wa hali yangu anapaswa kulijua. FSH hupanda pale seli za mwanzo za kutengeneza mbegu zinapokosekana. Zikiwepo tele, ubongo hauoni tatizo, homoni inabaki kawaida, na korodani zinabaki na ukubwa wake. Kwa hiyo homoni za kawaida na korodani za kawaida zinaweza kumaanisha mbegu zipo ila njia imeziba, au zinaweza kumaanisha utengenezaji unaanza vizuri na kukwama katikati. Karatasi za mambo hayo mawili hufanana mno. Kinachoyatenganisha ni kukata kinyama cha korodani na kukitazama.

Kwa hiyo nikakatwa kinyama, kwenye hospitali ambayo siitaji. Majibu yalikuwa mistari miwili: hakuna mbegu zilizokomaa, hakuna saratani. Basi. Yule daktari mtaratibu aliomba vioo vyenyewe vilivyobandikwa kinyama avipeleke kwa mtaalamu wa patholojia, na mtaalamu akasema havifai, kinyama kiliwekwa kwenye fomalini, dawa ya kawaida ya kuhifadhia vinyama, seli zimesinyaa, mpangilio umeharibika, hatua hazisomeki. Ikabidi nikatwe tena.

Ganzi ilichomwa, nikasikia kuvutwa zaidi ya maumivu. Safari hii niliiona chupa kabla sijalala kitandani: ndogo, ya plastiki, na dawa ya njano iliyokolea. Inaitwa Bouin, na ndiyo inayotunza kinyama cha korodani bila kuvuruga viini vya seli. Muuguzi alinionyesha kidoti chenyewe kikizama humo, cheupe, chembamba, kisha kikaanza kushika rangi ya dawa. Maumivu yalikuja jioni, nikatembea kwa taabu siku kadhaa. Ningeomba usipitie mara mbili. Kabla ya kulala kitandani uliza kinyama kitawekwa kwenye nini, na mwombe daktari aandike kwenye fomu kwamba anataka kujua seli zimefika hatua gani. Majibu yakitoka, omba pia vioo na kipande kilichobaki kwenye nta vitunzwe, maana utavihitaji ukibadilisha daktari.

Mtaalamu wa patholojia alikuwa mama wa makamo. Nilimwamkia, akaitikia "Marahaba, mwanangu," akavuta kiti cha pili na kuniambia niangalie mwenyewe. Kwenye hadubini niliona miduara mingi ya waridi na zambarau, imebanana. Kila mduara ni kijifereji kimoja cha korodani kilichokatwa mkato wa kupita. Akaniongoza kutoka ukingoni kuingia ndani. Ukingoni kulikuwa na safu ya seli ndogo, zile za mwanzo, nyingi na nzima. Hatua moja ndani zikafuata seli kubwa, viini vyake vimejaa nyuzi nene zilizojisokota. "Hizi ni spematosaiti, seli zilizo njiani kuwa mbegu, ziko kwenye hatua iitwayo pakitini," akasema. "Kromosomu zinatakiwa ziwe zimeshashikana wawili wawili. Sasa nenda katikati." Katikati ndipo ingebidi nione vichwa vidogo vyeusi vyenye mikia. Palikuwa peupe, pamoja na seli chache zilizokunjamana zikawa nyeusi tii, zinazokufa. Akasogeza kioo, mduara mwingine. Akasogeza tena. Kila mduara ulikwama palepale.

Nilimuuliza kwa nini zinakufa. Akachukua karatasi.

Kila seli ya mwili ina kromosomu 46, yaani 23 za baba na 23 za mama. Mbegu inatakiwa itoke na 23 tu, moja kutoka kila jozi. Huo mgawanyo ndio miosisi. Ila huwezi kugawa jozi kwa haki kama wenzi hawajakutana, kwa hiyo kwanza kila kromosomu lazima imtafute mwenzake: namba 1 ya baba kwa namba 1 ya mama, hivyohivyo hadi mwisho. Protini zinazosimamia utafutaji huo ni nyingi. TERB1, TERB2 na MAJIN hufunga ncha za kromosomu kwenye ukuta wa kiini cha seli. SUN1 na KASH5, ambazo zimepenya ukuta huo, huziunganisha ncha hizo na mota ya seli iliyo upande wa nje, daineini, na mota huzikokota kromosomu huku na huko mpaka wenzi wapitiane. Wakati huohuo SPO11 inakata DNA kwa makusudi, mahali pengi, mamia. Hapo nilimsimamisha, maana sikutegemea kwamba mwili unajikata wenyewe ili uzae. Akasema ndiyo, na bila mikato hiyo kromosomu hazipatani. RAD51 na DMC1 hushika ncha zilizokatwa na kuzipeleka kutafuta sehemu yenye maandishi yanayofanana kwenye kromosomu mwenza, kisha mwenza hutumika kama nakala ya kuzibia palipokatika.

Wenzi wakishapatana hulazwa sambamba kwa urefu wote. Alichora mistari miwili yenye vijiti katikati, na mimi niliyetoka kushuka kwenye treni nikaona reli. Protini za SYCP2 na SYCP3 kwa pamoja hujenga vyuma viwili, kimoja kwa kila kromosomu. SYCP1 ndiyo mataruma yanayovishika. Na nafasi kati ya chuma na chuma ni kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Wanasayansi waliuona muundo huo kwa hadubini ya elektroni mwaka 1956, miongo kadhaa kabla ya kuzijua protini zinazoujenga. TEX11, pamoja na wenzake kama MSH4 na MSH5, hufanya kazi hapo: huhakikisha kwamba baadhi ya ile mikato inakuwa mabadilishano kamili, kipande cha kromosomu ya baba kihamie kwa ya mama na cha mama kihamie kwa ya baba. Kwa mwanaume mabadilishano hayo hufikia takriban 50 kwa kila seli. Kila jozi inahitaji walau moja, kwa sababu hayo ndiyo yanayoishikilia jozi pamoja hadi dakika ya kugawana.

Seli inajikagua. Ikiona kromosomu hazijashikana sawasawa, inajiua, isije ikatoa mbegu yenye kromosomu pungufu au zilizozidi. Kwa wanaume ukaguzi huu ni mkali. Kwa wanawake ukaguzi ni mlegevu zaidi, na kazi yenyewe huanza mtoto wa kike akiwa bado tumboni mwa mama yake, kisha inasimama miaka mingi hadi yai lipevuke. Protini zinazoshikilia kromosomu huchakaa kwa kungoja kote huko, na ndiyo sababu mojawapo ya mimba kuharibika na ya watoto wenye ugonjwa wa Down kuongezeka umri wa mama unaposogea. Tena hitilafu kwenye protini hizi inaweza kumfanya mwanamke akome hedhi mapema mno. Ya STAG3, mojawapo ya protini zinazoshikilia kromosomu, ilielezwa mwaka 2014 kwa wanawake wa familia moja. Kama dada yako ameacha kuona siku zake akiwa bado msichana, naye anastahili kipimo cha jeni, asipewe dawa ya chango.

Nilitoka pale nimeumia na nimetulia kwa pamoja. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na jibu linaloeleza kitu.

Katika kipindi hichohicho wakala mmoja wa kupeleka wagonjwa nje alikuwa ananipigia simu karibu kila siku. Kifurushi chake kilikuwa upasuaji wa kutafuta mbegu ndani ya korodani kwa hadubini, halafu kuichoma mbegu moja kwenye yai maabara na kupandikiza mimba. Njia hizo ni za kweli. Mtoto wa kwanza aliyetokana na kuchoma mbegu moja kwenye yai alizaliwa mwaka 1992, na upasuaji wa aina hiyo ulielezwa mwaka 1999; wapo wanaume wengi wasio na mbegu kwenye shahawa waliopata watoto kwa namna hiyo. Hela yenyewe ilizidi milioni thelathini, na tulishauza kiwanja. Mke wangu ndiye aliyesema, "Tusiende mpaka tujue hizo mbegu zipo." Tukasubiri.

Vipimo vya jeni hufuatana, na vya bei nafuu hutangulia. Kwanza kuhesabu kromosomu: wapo wanaume wenye X ya ziada, hali iitwayo sindromu ya Klinefelter, na karibu nusu yao hupatikana na mbegu kwa upasuaji. Kisha kuangalia kama kromosomu Y imepoteza vipande kwenye sehemu za AZF, zile zinazohitajika kutengeneza mbegu. Aliyepoteza AZFc ana matumaini mazuri. Aliyepoteza AZFa au AZFb nzima asipasuliwe, atapoteza hela na maumivu bure. Vyote viwili kwangu vilikuwa sawa. Vingeweza kufanyika mwanzoni kabisa, na huo ndio mpangilio ninaowashauri: hivi viwili kabla ya kisu chochote cha kutafuta mbegu.

Kipimo cha mwisho ni cha kusoma jeni nyingi kwa pamoja. Damu ilipelekwa nje ya nchi, bili ikapita milioni moja na nusu, bima haikugusa hata senti. Nilisita. Daktari akanionyesha kwa nini kwangu kipimo kina maana. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, kati ya wanaume 289 wasio na mbegu, 7 walikutwa na hitilafu kwenye jeni ya TEX11. Ni wachache. Lakini walipotazamwa wale tu ambao mbegu zao zilikwama kwenye miosisi, walikuwa 5 kati ya 33. Kujua hatua ndiko kulikofanya kipimo kiwe na thamani ya hela yake. Mtu mwenye karatasi ya mistari miwili kama ile yangu ya kwanza hawezi kupiga hesabu hii.

Majibu yalikuja baada ya miezi. TEX11. Herufi moja ya DNA imebadilika, ikaweka alama ya kusimama kabla ya wakati, protini haikamiliki. Daktari hakuzunguka: si kila badiliko la TEX11 lina matokeo sawa, lakini kwa badiliko la namna yangu, na kinyama kilichokwama sehemu moja kila mahali, uwezekano wa kupata mbegu hata kwa upasuaji ni mdogo sana. Nilimpigia wakala nikamwambia hatuji. Nikazima simu, tukalala mchana kutwa, mimi na mke wangu, bila kuongea.

Jeni ya TEX11 ipo kwenye kromosomu X. Mwanaume ana X moja, na hiyo huipata kwa mama yake. Sisi Waluguru ukoo wetu unafuata upande wa mama, kwa hiyo nilipoanza kuhesabu nani wengine wanaweza kuwa nayo, nilijikuta nawahesabu watu wa ukoo wangu mwenyewe: mama, dada zangu, wadogo zangu wa kiume, na mjomba.

Mama nilimpeleka kwa daktari aelezwe na daktari, na nashauri ufanye hivyo badala ya kumweleza mwenyewe sebuleni. Mzazi akisikia "imetoka kwako" anasikia kosa. Alipimwa lile badiliko moja tu, bei ndogo ukilinganisha na changu, akakutwa nalo. Yeye alizaa bila shida kwa sababu ana X ya pili iliyo nzima. Alilia hata hivyo. Daktari alimshika mkono akamwambia, "Mama, hili umerithi, hukulifanya."

Mjomba wangu amevuka miaka sabini na hana mtoto. Alioa wake watatu. Wa kwanza, mkaza mjomba wetu mkubwa, alirudishwa kwao Kilosa kwa sababu hazai. Huko akaolewa tena, akazaa watoto wanne. Ukoo mzima tulilijua hilo na hakuna aliyesema neno, kwa sababu kwetu mjomba ndiye anayeitisha vikao, na watoto wa dada zake ndio sisi, hakuonekana amepungukiwa. Waliopungukiwa ni wale wanawake.

Nilikwenda Matombo. Nikamwamkia, akaitikia, "Marahaba, mpwa wangu," nikamweleza yote, pamoja na mchoro wa yule mama wa patholojia. Alisikiliza bila kunikatiza. Akauliza kama naye anaweza kupimwa. Alipimwa, akakutwa nayo. Aliposikia akasema, "Basi yule mama nilimwonea." Nikamwambia hakujua. Akarudia, "Nilimwonea." Msimu wa mvua ulipopita alipanda gari na mama yangu hadi Kilosa, akamwambia mtalaka wake mbele ya watoto wake wakubwa kwamba kasoro ilikuwa yake. Mama ananisimulia kwamba yule bibi alimkaribisha, akampa maji, kisha akamjibu, "Mimi nilijua tangu nilipobeba mimba ya kwanza. Nilikuwa nangoja ujue wewe." Kisha walikula pamoja.

Dada yangu wa mizizi alikuja kumwomba msamaha wifi yake. Hakuja na maneno mengi, alikaa jikoni akapika naye.

Sisi wawili tumezungumza mengi kuhusu mbegu za kuchangiwa, mke wangu hakutaka, nikaheshimu. Aliniambia, "Niliolewa na wewe, sikuolewa na maabara." Tupo kwenye taratibu za kuasili kupitia Ustawi wa Jamii, barua nyingi, maafisa wanakuja kuona nyumba, na hiyo ni habari ya siku nyingine.

Kuhusu ndugu, kwa sababu watu huniuliza. Mama mwenye badiliko hili ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kumpa kila mtoto. Mdogo wangu anayenifuata alipima mbegu kwanza, kipimo kile cha bei ndogo, akakutwa nazo za kutosha, hakuhitaji zaidi. Dada zangu wawili wana watoto wa kiume, bado wadogo. Hao hawapimwi sasa. Jibu haliwasaidii chochote utotoni na linaweza kuwawekea jina wasilolichagua. Wakiwa watu wazima na wakitaka watoto, waanze na kipimo cha mbegu, na kikionyesha hakuna, wasome ile sehemu moja tu ya TEX11, kazi ya hela kidogo na muda mfupi. Kwa ajili hiyo karatasi ya majibu yangu, ule ukurasa wenye jina kamili la badiliko, nimeitoa nakala. Moja anayo kila dada, nyingine ipo kwenye bahasha ya hati za shamba kwa mama.